Sungura wa nje na sungura wa ndani: wako aliishi miaka mingapi? Tupeane uzoefu

Masikio Marefu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Nazungumza na wanaofuga sungura kwa mapenzi, si kwa kitoweo. Kuna jambo linaniumiza kila nikilisikia. Mtu anasema sungura wake amekufa akiwa na miaka mitatu, na watu wanamjibu, "Ndivyo walivyo, hawaishi sana." Sivyo walivyo. Sungura wa kufugwa akitunzwa vizuri hufika miaka 8 hadi 12. Yule wa porini ndiye maisha yake mafupi. Wengi wao hawaumalizi hata mwaka wa pili, kwa kuwindwa, kwa magonjwa na kwa njaa. Sasa tukimweka wa kwetu kwenye hatari zilezile za porini, tena bila shimo la kukimbilia, tunategemea aishi kwa lipi?

Naomba tukusanye visa vya kweli. Semeni alikaa wapi, aliishi muda gani, na kama amekufa, kilichomuua ni nini. Wangu ni jike, anakaa ndani, na ameingia mwaka wa tisa. Macho yameanza ukungu, lakini kabati la nyasi likifunguliwa anafika kabla yangu.

Bi Subira
Ahsante kwa mada hii. Wangu alikuwa dume mweupe, banda lake lilikuwa nje chini ya mti. Aliondoka akiwa na miaka minne, na aliyemchukua ni joto.

Siku ile asubuhi alikula vizuri tu. Mchana joto likapanda kuliko tulivyozoea, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Tulimkuta amelala ubavu, masikio ya moto, anahema mdomo wazi. Daktari alituelekeza kwa simu tuyaloweshe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, tumlete haraka. Hatukufika naye.

Baadaye ndipo nilipoelezwa vizuri jinsi mwili wake ulivyo. Sungura hatoki jasho, na kuhema hakumsaidii kama kunavyomsaidia mbwa. Joto lake hulitoa zaidi kwenye masikio, kwa ile mishipa inayoonekana ukiyaelekeza kwenye mwanga. Hewa ikipita nyuzi 28 hivi anaanza kutaabika, na mwenye manyoya mengi au aliyenenepa hutaabika mapema zaidi. Kwa hiyo mwenye banda nje, nenda ukague kivuli saa nane mchana. Kivuli cha asubuhi hakikuambii kitu.

Mzee wa Banda
Pole sana, Bi Subira. Pamoja na hayo, mimi ni wa nje na nitabaki wa nje, nikiwa na sababu zangu. Nilikuwa na wawili wa tumbo moja, dume aliyehasiwa na dada yake. Dume alikaribia miaka kumi. Jike bado ninaye.

Banda niliwajengea mwenyewe, limeinuliwa juu ya miguu. Sakafu ni ya mbao yenye nyasi nyingi, kwa sababu sakafu ya waya huchubua nyayo mpaka zinatoa vidonda, na kidonda cha unyayo kwa sungura hakiponi kirahisi. Lina chumba cha kulala kilichozibwa upepo na mvua, na uwanja ambao wavu wake umefukiwa chini ili wao wasichimbe kutoka na mwindaji asichimbe kuingia. Kuhusu wavu naomba mnisikilize. Ule mwepesi wa kuku haufai kabisa. Unamzuia kuku asitoke, lakini mbwa anaupasua na panya anapita katikati ya matundu. Nunua uliochomelewa, matundu madogo yasiyopita kidole gumba, na mlango uwe na makomeo mawili.

Lakini banda peke yake halijawafikisha hapo. Alfajiri na jioni ndizo saa zao za kuchangamka, na saa hizo huwa niko nao. Ninamjua anayekula kwanza na anayependa kunywa kabla ya kula. Sungura wengi wa nje ninaowaona wanakufa kwa sababu bakuli linajazwa na mtu anageuka. Hakuna anayewatazama.

Mkesha
Wa kwangu hakuguswa na mnyama yeyote. Alikufa kwa woga. Usiku mbwa aliingia uani akawa analizunguka banda, anabweka na kukwaruza. Banda halikufunguka. Asubuhi sungura alikuwa amekauka kwenye kona ya mbali, hana jeraha hata moja. Daktari alisema moyo wa sungura unaweza kusimama kwa hofu tu. Alikuwa hajafika miaka miwili. Kwa hiyo, Mzee wa Banda, wavu ni mzuri, ila hauzuii sauti wala harufu ya adui.

Mzee wa Banda
Ni kweli, Mkesha, na pole. Ndiyo maana chumba cha kulala kiwe na kuta nzima pande zote, wapate mahali pa kujificha wasionekane. Na wakae wawili. Akiwa peke yake hofu inamzidi.

Mwalimu wa Jioni
Niongeze adui ambaye hatajwi: nzi. Jike wangu alikuwa na miaka saba, ameshaanza kukakamaa viungo vya nyuma, hawezi tena kujipinda ajisafishe. Kinyesi laini kikaganda chini ya mkia. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kuna kile kikavu cha duara, na kuna laini ambacho hukila moja kwa moja kutoka mwilini ili apate virutubisho. Asipokifikia kinabaki kwenye manyoya. Nzi wa kijani hutaga hapo, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza wale hawaishii kwenye uchafu, wanaingia kwenye nyama.

Aliponea chupuchupu. Nilimgeuza jioni kama kawaida, nikaona ngozi imelowa na kitu kinatembea. Tulikesha kwa daktari. Baada ya hapo aliishi ndani, na akaishi zaidi ya miaka miwili mingine. Kipindi cha joto mgeuzeni sungura wa nje mara mbili kwa siku, hasa mzee na mnene.

Mgeni Hapa
Wakuu, shikamooni. Bado sijachukua, najifunza. Wa ndani hatanuka? Na je, atajisaidia kila mahali?

Masikio Marefu
Marahaba, karibu. Sungura mwenyewe ni msafi, kinachonuka ni mkojo uliolala. Anachagua kona yake ya kujisaidia, nawe unaweka sanduku kwenye kona hiyohiyo, na nyasi kavu upande mmoja, maana hupenda kula akiwa anajisaidia. Akihasiwa, tabia ya kurusha mkojo kutia alama hupungua sana, kwa dume na kwa jike.

Daktari wa Wadogo
Natibu wanyama wadogo, wakiwemo sungura, kwa hiyo niseme ninayoyaona mezani kwangu.

Kwanza, jike ambaye hajatolewa kizazi. Saratani ya mfuko wa uzazi ni ya kawaida mno kwa majike waliopita miaka minne. Kwa baadhi ya makundi yaliyochunguzwa ilikuta zaidi ya nusu yao. Ugonjwa huu haujali kama analala sebuleni au uani. Mtu anaweza kumlinda dhidi ya mbwa, joto na nzi, kisha akampoteza akiwa na miaka mitano kwa jambo ambalo upasuaji wa mapema ungelizuia.

Pili, mbegu. Wale wakubwa sana huzeeka mapema kuliko wadogo, msiwalinganishe.

Tatu, virusi. Miksomatosisi huenezwa na mbu na viroboto, kwa hiyo wa nje yuko hatarini zaidi. Ugonjwa wa kutokwa damu, uliogunduliwa China mwaka 1984, ni mkali kiasi kwamba wengine hufa kabla mwenyewe hajaona dalili. Aina yake mpya ilitokea Ufaransa mwaka 2010, nayo huua hata watoto wachanga. Kirusi hiki kinakaa muda mrefu nje ya mwili, na kinaingia nyumbani kwa viatu, kwa nyasi na kwa wadudu. Chanjo zipo. Muulizeni daktari wenu hata kama sungura hajawahi kukanyaga majani.

Na tafadhali, msimpe dawa zenu. Amoksilini na jamii yote ya penisilini, akipewa kwa mdomo, huua bakteria wema wa tumboni mwake, na anaweza kufa kwa kuharisha.

Kaka Mtulivu
Ahsante, daktari. Mimi nataka tuache kudhani kwamba ndani maana yake ni salama. Nilirithi sungura wa ndani kutoka kwa rafiki aliyehama. Maisha yake yote yalikuwa kizimbani, kizimba chenyewe hakimtoshi kuruka mara tatu. Alikuwa mnene, kucha zimepinda, anakula chakula cha tembe na karoti, nyasi kidogo. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi. Ya huyu yalikuwa na ncha zinazochoma shavu.

Tulimfungulia chumba kizima. Nyaya za umeme tukazifunika kwa mabomba ya plastiki, kwa sababu anazikata kwa meno bila kufikiri. Vigae tukavitandikia zulia, maana miguu ilikuwa inateleza kila upande. Mara ya kwanza alipokimbia alianguka. Baadaye nikamwona anaruka hewani na kujipindua, ile ruka yao ya furaha, nikaita nyumba nzima ije ione. Alikufa akiwa na miaka sita, tumbo lilisimama, yaani chakula kiliacha kusonga tumboni. Wa Mzee wa Banda, walioishi nje, wamempita mbali.

Bi Subira
Hilo la tumbo kusimama naomba litiliwe mkazo. Wa sasa tunaishi naye ndani, na limempata. Jioni alikataa jani analolipenda kuliko yote, akajikunyata, anasaga meno taratibu. Nikatazama sandukuni, vinyesi vichache tena vidogo mno. Tukaondoka usiku uleule. Sungura anaficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Akikaa muda wa saa kumi na mbili bila kula ni dharura. Kwa yule wa nje ningejua asubuhi, na pengine asubuhi ingekuwa imechelewa.

Masikio Marefu
Hapo ndipo ninaposimama mimi pia. Sungura aliyeshikilia rekodi ya dunia kwa kuishi muda mrefu, Flopsy wa Tasmania, alikamatwa porini tarehe 6 Agosti 1964 na akaishi miaka 18 na miezi zaidi ya kumi. Mwili wao unaweza. Mimi nachagua ndani kwa sababu ndani namwona nikipita kwenda jikoni, bila kupanga.

Mzee wa Banda
Basi nishaurini. Huyu jike aliyebaki, tangu kaka yake aondoke anakula polepole na analala mchana kutwa. Baridi inakaribia. Nimwingize?

Daktari wa Wadogo
Mwingize, mzee wangu, ila mlete kwanza nimtazame meno na viungo. Akishakuwa ndani usimrudishe nje mpaka baridi iishe, maana mabadiliko ya ghafla ya joto humchosha.

Masikio Marefu
Na uingie naye na nyasi za chumba chake cha zamani, usizifue harufu yote. Sanduku liwe na upande mmoja mfupi, kwa umri huo kuruka ukingo kunamuuma. Mweke mbali na televisheni na mbali na mlango. Siku za mwanzo kaa chini sakafuni alfajiri na jioni, saa zenu zilezile, umwache aje mwenyewe.

Mzee wa Banda
Nimeelewa. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari, na kijana wangu ameshaanza kufunika nyaya za sebuleni. Nitarudi hapa kuwaambia amekulaje usiku wa kwanza.