Mnatuuzia mashine za kunyolea zilizopinda, kisha mnasema ngozi zetu ndizo mbovu

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na wengine wote mtakaousoma uzi huu.

Nimeufungua kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Hapa mjini yapo maduka yanayouza zile mashine za kunyolea za kizamani, za chuma, zinazotiwa wembe mmoja wenye makali pande mbili, na mauzo yao yamepamba moto tangu vijana waanze kusikia kwamba mashine hizo zinapunguza vipele vya ndevu. Mashine yenyewe ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na wale wanaouza mashine zilizopinda, wasiofundisha chochote, na ambao mteja akirudi na shingo iliyochanika humtazama usoni wakamwambia kwamba kosa ni la ngozi yake.

Mpwa wangu alinunua seti nzima katika duka mojawapo: mashine, brashi, kibakuli na pakiti ya nyembe. Alipofika kwangu, upande wa kulia wa shingo yake ulikuwa umechanjwa mikato myembamba iliyofuatana, na upande wa kushoto umebaki na vishina vya nywele kana kwamba haujaguswa. Alikuwa amekwisha kurudi dukani kulalamika, na jibu alilopewa ni hili: "Yakhe, mashine haina tatizo, ni ngozi yako tu. Nywele za kipilipili haziutaki wembe huu." Kisha akauziwa na krimu juu yake.

Niliifungua mashine ile mbele yake mezani. Kwa wasioijua, kichwa cha mashine ya aina hii kina vipande viwili: kitako kinachokaa chini ya wembe, na kofia inayoufunika kwa juu, navyo vinakazwa na mpini kwa skrubu. Wembe una uwazi katikati, na uwazi huo unaingia katika vijiti au upapi uliomo ndani ya kofia ili usiyumbe. Katika mashine ile vijiti vilikuwa vyembamba kuliko uwazi wa wembe, kwa hiyo wembe ulicheza kulia na kushoto kabla ya kukazwa, na ulipokazwa ulikaa mshazari: makali ya upande mmoja yamechomoza kupita kiasi, ya upande wa pili yamejificha karibu yote chini ya kofia. Nilijaribu kuunyoosha kwa vidole, nikakaza tena, ukarudi palepale. Huo mshazari ndio ulioichana shingo ya kijana upande mmoja na kuiacha upande wa pili.

Jeraha lilipopona, nilichukua wembe kutoka katika pakiti ileile, nikautia katika mashine ya shaba aliyoniachia ami yangu, nikamwelekeza kijana yuleyule anyoe shingo ileile kwa mkono wake mwenyewe. Hakujikata. Ngozi haikuwa imebadilika, nywele hazikuwa zimebadilika na wembe haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni mashine, na ya kwamba safari hii alikuwapo mtu wa kumwambia la kufanya.

Nataka wauzaji walielewe jambo hili, kwa sababu kusema kwamba "mashine ni mashine tu" ni kuonyesha kwamba hawajui wanachokiuza. Wembe huu una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiushika mkononi unajikunja kama karatasi, na hauwezi kunyoa peke yake bila kutetemeka. King Camp Gillette, yule Mmarekani aliyepewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine yenye wembe mwembamba wa kutupwa mwezi wa Novemba 1904, alihangaika miaka kadhaa kwa sababu mafundi walimwambia kwamba chuma chembamba namna ile hakiwezi kutiwa makali ya kudumu, mpaka mhandisi William Nickerson alipopata njia ya kukiimarisha. Hata baada ya hapo, wembe ulihitaji kofia na kitako vinavyoukunja kidogo na kuubana sawasawa kuanzia ncha hadi ncha, ili makali yachomoze kwa kipimo kilekile pande zote mbili. Ugumu wote wa wembe unatoka katika kubanwa huko. Mashine isiyobana sawasawa imekosa kile hasa kilichoifanya iitwe mashine ya usalama, na anayeiuza anauza wembe mtupu uliofungwa kwenye mpini.

Kasoro ya pili inajitokeza baadaye, wakati mnunuzi amekwisha kutupa risiti. Nyingi ya mashine hizi za bei nafuu zimetengenezwa kwa aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ikapakwa kromu. Aloi hiyo si haramu, na zipo mashine nzuri zilizotengenezwa nayo, lakini inataka mpako mzuri na inataka kukaushwa. Sisi tunaishi visiwani, katika hewa ya chumvi na unyevu, na bafu zetu nyingi hazikauki mchana kutwa. Mpako ukiwa mwembamba huvimba, ukabanduka, na zinki iliyo chini yake ikaanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Kisha siku moja skrubu inakatikia ndani ya mpini. Muuzaji wa hapa anayajua mazingira haya kuliko kiwanda kilichoitengeneza. Kumwambia mteja aifungue, aisuuze kwa maji baridi, aikung'ute na kuiweka nje ya bafu ni sentensi moja tu, wala haimgharimu senti.

Sasa nije katika mafundisho, maana hapa ndipo palipoumiza wengi zaidi. Kikaratasi kilichokuwamo katika boksi la mpwa wangu hakikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Kilikuwa na picha tu, na mojawapo inaonyesha mkono ukipandisha mashine kutoka kooni kuelekea kidevuni. Dukani aliambiwa akandamize vizuri ili wembe ushike, na arudie mpaka ngozi iwe laini kama ya mtoto. Maneno hayo mawili, kukandamiza na kurudia, yanatosha kumharibu mtu shingo. Mashine hii ina uzito wake kwa makusudi; mkono unaiongoza tu, na atakayeikandamiza kama anavyokandamiza wembe wa plastiki wenye makali matatu atajikata, hata kama mashine yake imenyooka kama rula.

Nitaeleza hapa yale ambayo muuzaji alipaswa kuyaeleza, ili yeyote aliyekwisha kununua asiendelee kuumia. Kwanza jua nywele zako zinalala upande gani. Ziache siku mbili tatu, kisha zipapase kwa kidole: upande unaoteleza ndio mwelekeo wa nywele, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa kawaida zinashuka, lakini shingoni kwa watu wengi zinakwenda ubavu au zinazunguka, na wako wengine ambao zinapanda juu, kwa hiyo picha moja ya kiwandani haiwezi kumfaa kila mtu. Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa vya kutosha, kwa sababu nywele kavu ni ngumu na iliyoloweka dakika chache inakatika kwa urahisi. Ili kupata pembe ya wembe na ngozi, egemeza kofia ya mashine shavuni mpini ukiwa umetokeza mbele moja kwa moja, kisha ushushe mpini taratibu mpaka usikie makali yanagusa. Hapo utakuwa karibu na nyuzi 30, na hapo ndipo pa kubaki. Vuta mivuto mifupi, isizidi upana wa vidole viwili, suuza, endelea. Pita mara moja kwa kufuata nywele na uishie hapo. Anayetaka zaidi apake povu upya na apite kwa ubavu, lakini mwenye vipele asithubutu kwenda kinyume.

Hilo la vipele ni lazima nilifafanue, kwa sababu ndilo lililotumiwa kuuzia na ndilo lililotumiwa kumlaumu mnunuzi. Nywele zetu zimejikunja, na hata shina lililomo ndani ya ngozi limepinda. Wembe wenye makali mengi unafanya kazi kwa namna hii: makali ya mbele yanauvuta unywele na kuuinua, yanayofuata yanaukata kabla haujarudi, nao ukirudi unabaki chini ya uso wa ngozi. Unapoota tena ukiwa na ncha kali na umejikunja, unatoboa ngozi kwa ndani, au unatoka na kuingia tena pembeni, na mwili unaushambulia kama mwiba. Hicho ndicho kipele. Wembe mmoja ukitumiwa kwa mkono mwepesi na kwa kufuata nywele unaukata unywele usawa wa ngozi, na ndiyo maana watu wengi wenye nywele za namna yetu wanapata nafuu kwa wembe huo. Madaktari wa ngozi wanashauri pia mwenye vipele asiivute ngozi ikakazika anaponyoa, kwa sababu kuivuta kunaleta athari ileile ya kuukata unywele chini mno. Kwa hiyo yule muuzaji aliyesema nywele za kipilipili haziutaki wembe huu amegeuza ukweli kichwa chini: nywele hizo ndizo zinazouhitaji zaidi, ilimradi mashine imenyooka na mtu amefundishwa.

(Sizungumzii hapa hukumu ya kunyoa ndevu. Hilo waulizwe masheikh. Hata anayefuga ndevu anasafisha shingo na mashavu, na uzi huu unamhusu vilevile.)

Povu nalo lina habari yake hapa kwetu. Wengi wamelalamikiwa kwamba hawajui kutumia brashi, povu linakufa kabla hawajafika kidevuni, na wanaishia kununua kopo la povu la bei kubwa katika duka lilelile. Sababu aghlabu ni maji. Maji mengi ya visima vya Unguja yanapita katika mawe ya matumbawe, yanabeba chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni inaigeuza utandu mweupe usio na povu. Dawa yake imo jikoni mwa kila mmoja wetu. Yachemshe maji, yaache yatulie, uyamimine bila mashapo; yale magamba meupe yanayobaki ndani ya birika ni sehemu ya chokaa iliyojitenga. Maji ya mvua ni bora kuliko hayo, na wakati wa masika hakuna sababu ya mtu kukosa ndoo moja. Muuzaji wa vifaa vya kunyolea aliyezaliwa hapa hapa hawezi kuniambia kwamba hajui birika lake linavyokuwa.

Wako watakaonijibu kwamba ami zetu na baba zetu walijifunza wenyewe bila darasa. Hawakujifunza wenyewe. Ami yangu alifundishwa na kinyozi wake, na mimi nilifundishwa na ami, akinisimamisha mbele ya kioo na kuushika mkono wangu nisikandamize. Nyororo hiyo ilikatika pale nyembe za plastiki za kutupa zilipoenea, na kizazi cha sasa hakina wa kumuuliza isipokuwa yule aliyesimama nyuma ya kaunta. Ukiamua kuwauzia watu chombo chenye makali ambacho wazee wao hawakuwarithisha, umejitwisha na kazi ya kuwafundisha.

Ninachokidai kwa wauzaji kinawezekana kesho asubuhi. Mruhusuni mteja afungue boksi na kutia wembe mbele yenu kabla ya kulipa. Aikaze mashine, aielekeze kofia machoni kwake, aitazame kwenye mwanga: utepe wa wembe unaoonekana kulia lazima ulingane na wa kushoto, na usiwe mpana ncha moja na mwembamba ncha nyingine. Ikikataa, mrejesheeni muagizaji na msimuuzie mtu. Kitako chenye meno makubwa, ambacho ni cha ndevu ndefu na nzito, msimpe kijana anayeanza. Wekeni karatasi moja ya Kiswahili ndani ya boksi. Mwambieni kila mnunuzi kwamba wembe hauazimwi, hata baina ya ndugu, kwa sababu damu inabeba homa ya ini na UKIMWI, na kwamba wembe uliokwisha utiwe katika kopo la bati lililofungwa, usitupwe jaani wanapopita watoto na mbuzi. Na wale wanaoingiza mizigo hii bandarini, nawaomba wapeleke sampuli Taasisi ya Viwango Zanzibar kabla ya kusambaza, badala ya kuzifanya shingo za vijana kuwa ndiyo maabara.

Jina la duka sitalitaja, kwa sababu shida hii si ya duka moja, na kwa sababu nataka mwenye duka arekebishe na aendelee kufanya biashara. Lakini yule kijana arejeshewe pesa za mashine na za krimu, kwa kuwa vyote viwili aliuziwa kwa maelezo ya uongo.

Aliyenunua mashine na ana wasiwasi nayo, aitie wembe, aikaze, aipige picha kwa juu penye mwanga, aiweke hapa chini. Nitatazama kila picha na kumwambia kama imenyooka au airudishe. Aliye Chake Chake au Wete na amepata mashine iliyonyooka kwa bei ya haki, naomba aseme ni ya chuma gani na kofia yake inaubana wembe namna gani, maana wapo vijana wanaosubiri kujua wanunue ipi.