Fanksheni kurudisha vitu zaidi ya kimoja: tupeane uzoefu, wewe unafanyaje?

koda_wa_kijiweni: Mambo vipi wadau, uzi wa wanaopiga koding huu. Fanksheni (kipande cha programu unachokiita kifanye kazi na kikurudishie jibu) inatakiwa irudishe vitu viwili vitatu kwa mpigo, yamekukuta yapi? Naanza na lugha ya Python, kule unaandika "return kiasi, makato", yenyewe inakufungia kwenye tapuli (kifurushi cha vitu vilivyopangwa kwa zamu), kazi kwisha. Urahisi huo ndo unaponza. Ofisi moja niliyopita jamaa alipokea kwa kugeuza zamu, "makato, kiasi = hesabu(muamala)", zote namba kwa hiyo Python kimyaa, risiti ya mteja ikatoka katuma 500 makato 10,000 😂 Akaja mwingine akaongeza VAT kwenye return, kila palipokuwa panaita ile fanksheni pakaanza kulia "too many values to unpack (expected 2)", yaani vimerudi vingi kuliko viwili vilivyotegemewa. Siku hizi vikizidi viwili naweka namedtuple, tapuli ambayo kila kitu kina jina lake, nachukua kwa jina.

dada_seva: Lugha ya Go huku ndo maisha, fanksheni inarudisha jibu na err (kosa, kama lipo). data, err := os.ReadFile("wateja.txt"). Hizo if err != nil za kukagua kosa kila mara zinachosha kweli, sibishi. Ila ubaya ni wavivu wanaopachika _ pale pa err, yaani kosa litupwe, faili halipo, data tupu, programu inadunda tu na ripoti inatoka haina mteja hata mmoja. Mimi nikiiona hiyo _ sipitishi code ya mtu.

mkongwe_C: Nyie wa juzi. Lugha ya C inarudisha kimoja tu, vingine unapitisha pointa (anwani ya mahali kitu kinapokaa kwenye memori). Ile & kwenye scanf("%d", &umri), ya kusoma namba anayoandika mtu, mlidhani ni urembo? Namba inaandikwa ndani ya umri, inachorudisha scanf yenyewe ni idadi ya vilivyosomeka, na wengi hawaiangalii, mtu akibonyeza herufi badala ya namba umri unabaki na takataka ilizokuwa nazo. Au unarudisha struct (fungu la vitu vyenye majina), hata div() ya kugawanya inafanya hivyo, quot (jibu) na rem (baki) humo humo.

kijana_lua: Lugha ya Lua sasa, gsub ni ya kubadilisha herufi kwenye neno. print(string.gsub("habari", "a", "o")) nikategemea hobori, ikatoka hobori 2 🤔 kumbe 2 ni idadi ya alizobadilisha. Izungushie gsub mabano mengine inabaki hobori peke yake.

mama_java: Sisi wa Java, kabla record (klasi fupi ya kubeba data) haijawa rasmi Java 16 (2021) ilikuwa klasi nzima kwa ajili ya vitu viwili, getter (fanksheni ya kusoma kitu kimoja) juu ya getter. Sasa hivi record Jibu(int kiasi, int makato) {} umemaliza. @koda huyo mteja hela yake ilirudi?

koda_wa_kijiweni: Hela ilienda sawa, risiti tu ndo iliyokosea. Ila simu alizopiga siku ile 🙌