Mchapaji kakataa shairi letu moja: tuliondoe?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu hapa Tanga, tuna studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la mama mkubwa. Tumerekodi nyimbo nane: gambusi, kompyuta kuukuu na ngurumo za mashine ya kukoboa. Tunazitoa kwenye fleshi, nakala 100, kila moja na kijitabu cha mashairi cha kurasa 16. Juzi mchapaji kanipigia: ukurasa wa 9 hachapi, utamletea balaa. Shairi ni la dada yangu, kuhusu wakubwa wa dini walionyamaza binti wa jirani alipokuwa akipigwa na mumewe. Wenzangu wanasema tuliondoe kazi iishe. Moyo wangu unakataa. Mngefanyaje?

Mzee Santuri
Mwanangu, usiliondoe. Haya yaliwakuta Crass, bendi ya panki ya Uingereza, waliokuwa wakiishi pamoja Dial House, nyumba ya shamba karibu na Epping. Mwaka 1978 santuri yao ya kwanza, kupitia Small Wonder, lebo ndogo ya kutoa santuri, ilipelekwa kiwandani Ayalandi. Wafanyakazi wakaona wimbo wa kwanza ni kufuru, wakagoma kuutengeneza. Crass hawakuziba pengo. Waliacha kimya cha dakika mbili pale pale, wakakipa jina: Sauti ya Uhuru wa Kusema. Unaweka sindano, unasikia mkwaruzo tu, na unajua kuna mtu kazibwa mdomo.

Santuri zao nilizikuta Hull nikiwa baharia. Jalada unalikunjua linakuwa bango, maandishi madogo madogo kila pembe pamoja na picha za Gee Vaucher, mchoraji wao. Nililisoma melini kwa kamusi, wiki nzima. Santuri yao ya 1982 ilikuja ndani ya boksi na kijitabu chake. Kwao maneno hayakuwa pambo la muziki. Ndiyo maana nakwambia, shairi la dada yako ni sehemu ya kazi sawa na gambusi.

BintiMwanza
Shikamoo Mzee. Niongeze kidogo: hawakuishia kwenye kimya. Mwaka 1979 walianzisha lebo yao wenyewe na wimbo ule ule wakautoa kwenye santuri ndogo. Bei waliipiga chapa jaladani, peni 45, wakati nyingine zilikuwa kama peni 90, ili muuza duka asiipandishe. Ila kwenye hesabu walisahau kodi ya ongezeko la thamani, wakala hasara kwa kila nakala. Kaka, kabla hujaandika bei jaladani, jumlisha fleshi, karatasi, nauli ya basi, vyote.

Mzee Santuri
Marahaba binti. Hilo la kodi ni kweli kabisa.

Kijana wa Ngamiani
Nimewasomea dada na wenzangu. Tumekubaliana ukurasa wa 9 ubaki mweupe, jina la shairi liwe juu. Shairi lenyewe tutalitoa kopi steshenari, karatasi 100, tulikunje na kulipachika hapo kwa mkono. Fleshi pekee zimetugharimu shilingi 7,000 moja, kwa hiyo bei bado tunaipigia hesabu. Dada keshaanza kukunja karatasi za majaribio.