Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa: bado vi hai?

Naweka hoja mezani, na mwenye sababu ya kuipinga aipinge: sehemu za Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 zinazomruhusu msichana wa Tanzania Bara kuolewa kabla ya miaka 18 hazisubiri tena Bunge, kwa kuwa zilikwisha kufa kwa nguvu ya Katiba yenyewe.

Kwa asiyelikumbuka shauri lenyewe, kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kikaiachia mahakama uwezo wa kutoa kibali hata kwa mwenye miaka 14, huku kifungu cha 17 kikimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, au ya mama ikiwa baba amefariki. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipinga mahakamani, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikakubali kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hata tukiwa wakarimu tukaanza kuhesabu mwaka huo upya kutoka hukumu ya rufani, ulikwisha Oktoba 2020 bila Bunge kugusa chochote.

Wenzetu wanasema mahakama haikuvifuta vifungu hivyo bali iliagiza virekebishwe, na kwamba maadamu havijarekebishwa vinaendelea kutumika. Hoja hii inasikika vizuri mpaka mtu afungue ibara ya 30(5) ya Katiba. Ibara hiyo inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kutamka kuwa sheria ni batili, kuipa Serikali nafasi ya kuondoa hitilafu, na inasema sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi hitilafu irekebishwe au muda uliowekwa ukwishe, mradi muda mfupi zaidi ndio uzingatiwe. Uhalali ule ulikuwa wa kuazima, na siku ya kuurudisha ilijulikana.

Pingamizi lenye uzito, nakiri, ni jingine: kifungu cha 13 kikianguka chote, umri wa mwanamume nao unaanguka, tukabaki bila kiwango chochote. Jibu langu limo katika ibara hiyohiyo, inayozungumzia ubatili wa sheria kwa kiasi inachopingana na Katiba. Kilichopingana na Katiba si ile 18 ya mwanamume. Ni 15 ya mwanamke pamoja na mianya iliyoizunguka. Serikali ilijitetea kwamba tofauti hiyo ilitokana na maridhiano ya kimila na kidini yaliyofikiwa tangu Waraka wa Serikali wa mwaka 1969, na kwamba ndoa humstiri binti aliyepata mimba. Utetezi huo ulisikilizwa ngazi zote mbili ukakataliwa, kwa hiyo kuurudia leo kama kwamba haukuamuliwa ni kukata rufaa ya pili isiyokuwepo.

Tuichukue hali ya kawaida kabisa. Baba anafika kwa msajili wa ndoa na binti wa miaka 16, taarifa ya ndoa imejazwa siku 21 kabla kama inavyotakiwa, na ridhaa yake ameiandika kwa mkono na kuitia dole gumba. Msajili anafungua chapa ya sheria iliyo mezani kwake, anasoma 15, anachukua mhuri. Hukumu haimo katika chapa ile. Je, ndoa aliyoifungisha ni halali? Nikisema ni batili, watoto watakaozaliwa humo na mali itakayochumwa humo vinaangukia wapi? Hapo ndipo ninapohitaji msaada wa mawakili waliomo humu, hasa wanaoamini kwamba vifungu vi hai: maneno yale ya muda mfupi zaidi ninyi mnayasomaje?