Hivi serikali ya kijiji inaweza kugawa eneo la malisho bila mkutano mkuu?

Mwana wa Nyika ameuliza:

Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote, naombeni mawazo yenu maana huko nyumbani kumechafuka. Mimi kazi nafanyia hapa mjini ila kwetu ni kijijini, jina la kijiji naliacha ili wazazi wasije wakasumbuliwa. Tuna eneo la malisho lipo katikati ya vitongoji viwili, kuna lambo dogo na mibuyu, tangu tunakua ndo ng'ombe na mbuzi wanapokaa kiangazi mabua ya mtama yakishaisha mashambani. Halijawahi kuwa la mtu. Sasa juzi juzi mama kanipigia anasema wamekuja watu na pikipiki wanapima kwa hatua na kupigilia vigingi, kuwauliza wakajibu eneo limeshatolewa kwa mtu wa mjini anataka kulima alizeti na zabibu, kikao kimekaa na muhtasari upo ofisini.

Mkutano mkuu wa kijiji watu hata hawakumbuki mara ya mwisho uliitishwa lini. Mapato na matumizi hayasomwi. Kisimani kila ndoo inalipiwa lakini pampu ikifa tunaambiwa tuchange upya. Ukisimama kuuliza unaambiwa unapinga maendeleo, na wazee wetu wa kule ukishamwambia hivyo anakaa chini, hataki kuonekana mkorofi mbele za watu.

Sasa naomba kujua, kile kikao cha serikali ya kijiji peke yake kinatosha kutoa ardhi ya wote? Na tuanzie wapi, kwa mtendaji, kwa diwani au twende moja kwa moja kwa DC? Mwenye uzoefu na mambo ya vijiji anisaidie tafadhali, sio siasa, nataka njia.

kijana wa Bahi amejibu:

Pole sana mkuu. Mi naona nendeni tu kwa DC na mabango, hawa wa kijijini mkianza kubembelezana nao mtakuta zabibu zimeshachipua. Kwetu ilitokea kitu kama hicho na waliotulia ndo waliopoteza.

Mjumbe Mstaafu amejibu:

Mwana wa Nyika pole, na nimefurahi umesema unataka njia. Mimi nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji huko kwetu kwa vipindi viwili kwahiyo haya mambo nimeyaona kwa macho.

Jibu la swali lako la kwanza ni HAPANA. Halmashauri ya kijiji, hii tunayoiita serikali ya kijiji, ni watu 15 mpaka 25, ndani yake yupo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote na wajumbe wengine tuliowachagua pamoja na wanawake wa viti maalumu, halafu mtendaji ndo katibu. Hao wanasimamia ardhi kwa niaba yenu, sio yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, kifungu cha 8 kifungu kidogo cha 5, inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali kwanza. Na mkutano mkuu ni nyie wote mkaao hapo mlio na miaka 18 kwenda juu. Tena hilo eneo la malisho ni ardhi ya matumizi ya pamoja, hata kulibadilisha matumizi tu lazima lirudi kwenye mkutano.

Sasa sikiliza, hapa ndo penye kazi. Wao wamesema muhtasari upo. Basi msianze kugombana na huyo aliyepigilia vigingi, wala msing'oe vigingi maana mtageuziwa kesi iwe ya kuharibu mali ya mtu. Nendeni kwenye huo muhtasari. Kwetu kuliwahi kuletwa habari hiyo hiyo, eneo la pembeni ya korongo, tukaambiwa wananchi waliridhia. Mama mmoja mtu mzima, mtaratibu kabisa, akasimama kwenye mkutano akasema naomba huo muhtasari usomwe hapa hapa na majina ya waliohudhuria yasomwe moja moja. Mtendaji akafungua lile kaunta buku, akaanza kusoma majina, watu wanaitika. Alivyofika katikati akaita jina la mzee ambaye tulikuwa tumeshamzika kabla ya tarehe ya huo mkutano. Uwanja mzima ukanyamaza. Ndo ikaja kujulikana ile orodha ya mahudhurio ilitolewa kwenye karatasi watu walizosaini zamani siku ya kugawa mbegu, ikaambatanishwa na muhtasari ambao hakuna mkutano uliouzaa. Siku ile ile mkutano ukaandika azimio la kufuta, eneo likabaki la kijiji mpaka leo.

Kwahiyo ombeni kwa maandishi mambo haya: nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia, orodha ya mahudhurio yenye saini, na tangazo lililoitisha huo mkutano na ajenda zake. Mkiambiwa ni kikao cha halmashauri ya kijiji tu ndo kilikaa basi wameshajibu wenyewe kwamba utaratibu haukufuatwa.

Mtendaji Mchapakazi amejibu:

Nimesoma nikaona nichangie maana mimi ni mtendaji wa kijiji mkoa huu huu, wilaya siitaji. Mjumbe Mstaafu kaongea vizuri kwenye sheria, niongezee upande ambao watu hawauoni.

Kijana wa Bahi, mabango kwa DC sikatai kama njia zote zimefungwa, lakini DC akipokea jambo hilo kitu cha kwanza atauliza mkutano mkuu ulisemaje, mkiwa hamna kitu mkononi atawarudisha kule kule kijijini na mtakuwa mmepoteza nauli na siku ya kazi. Barua ielekezwe kwa mwenyekiti wa kijiji kupitia kwa mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani, mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya na mkuu wa wilaya (DC). Mkurugenzi ndo mwajiri wa mtendaji, huyo akiandika barua ya kutaka maelezo mtendaji hawezi kukaa kimya. Na mkipeleka barua hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila muhuri kesho mtaambiwa barua haikufika.

Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu na halmashauri ya kijiji kila mwezi. Lakini naomba mniamini, kuitisha mkutano kijijini kwetu ni kazi nzito kwelikweli. Ukiita Januari watu wako shamba wanapalilia, ukiita wakati wa kuvuna hakuna mtu, ukiita kiangazi vijana wameshaondoka kwenda mjini kutafuta vibarua na wengine wapo na mifugo mbali. Unatuma mbiu kwa wenyeviti wa vitongoji, siku inafika unakuta watu wachache chini ya mti, unaahirisha, unaahirisha tena. Hapo ndo mwenyekiti anaanza kuamua na wajumbe wake wachache na wananchi wanazoea. Sisemi ni halali, sio halali, nasema ndo inavyoanza, na kama nyie huko mmekaa muda mrefu bila mkutano basi mkiitishiwa mmoja mje WOTE.

Na msidhani kazi za serikali ya kijiji ni ardhi tu, siku nyingi tunazimaliza kwenye mambo ambayo hayafiki popote. Mfano ng'ombe wameingia kwenye uwele wa mtu usiku. Mwenye shamba anaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wanafuata kwato mpaka zizini, mwenye ng'ombe anaitwa. Tunaenda shambani na bwana shamba, anapima hatua eneo lililoliwa, anaangalia uwele umefikia wapi, kama ulikuwa umeshatoa masuke hesabu inakuwa kubwa zaidi kuliko uliokuwa mchanga, anasema hapa pangetoka madebe kadhaa. Tunarudi ofisini, wanakaa na wazee wao, wanakubaliana fidia kwa debe au kwa hela kwa bei ya mnadani, inaandikwa, wanasaini, mashahidi wanasaini. Wakishindwana ndo inaenda mbele. Hilo jambo likisuluhishwa vibaya watu wanashikiana mapanga, nyie wenyewe mnajua yaliyowahi kutokea kati ya wakulima na wafugaji. Ndo maana eneo la malisho sio la kuchezea, mkiliondoa hilo wale ng'ombe hawatakaa hewani, wataingia mashambani, na mimi mtendaji ndo nitakayeamshwa usiku.

Kitu cha mwisho, ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Ukiwepo kuna ramani inaonyesha makazi, mashamba, malisho, na nakala ipo idara ya ardhi wilayani. Kama malisho yamechorwa pale mmeshapata ushahidi mkubwa. Kama haupo basi hata hilo ni la kudai, maana kijiji bila mpango kila anayekuja na hela anaona pori.

Mama Karanga amejibu:

Habari zenu. Mimi nijibu la kisima maana naona limepitwa. Kaka Mwana wa Nyika, hapo mnaweza kuwa mnamlaumu mtu asiyehusika. Tangu ile sheria ya maji namba 5 ya 2019 na RUWASA, ule wakala wa serikali wa maji vijijini, ilivyoanzishwa, miradi ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumia maji, wenyewe wanaita CBWSO, na chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji zaidi ya kimoja. Hela ya ndoo inaingia akaunti ya chombo sio ya kijiji. Kwahiyo mwenyekiti wenu akisema hajui zilipo hela inawezekana kabisa ni kweli, ila hiyo haimpi ruhusa ya kukaa kimya, anatakiwa awaite viongozi wa chombo waje wasome taarifa mbele ya wananchi, wamekusanya ngapi, mlinzi kalipwa ngapi, dizeli ngapi, benki imebaki ngapi. Kwetu sisi wanawake ndo tulilishikilia hilo maana foleni ya maji tunakaa sisi. Tulikubaliana kisimani kwamba kwenye mkutano kila mmoja atauliza swali moja tu na hatakaa mpaka ajibiwe. Taarifa ikasomwa. Pampu ilikuja kufa tena na safari hii ilitengenezwa na hela ya akiba, hatukuchangishwa.

Na hela yoyote unayotoa ofisini, iwe ya kushuhudia mauziano ya shamba au ya barua ya utambulisho, omba risiti ya serikali. Asiye na risiti usimpe.

Mwana wa Nyika amejibu:

Asanteni sana wote, yaani nimepata mwanga ambao sikuutegemea. Jana nimeongea na mama na baba mdogo, wameenda ofisini kuomba muhtasari wakaambiwa warudi wiki ijayo kwa sababu kabati limefungwa na ufunguo anao mwenyekiti. Baba mdogo anasema tukashtaki. Mi nawaza nichukue likizo niende nikasimame mwenyewe kwenye mkutano kama utaitishwa, maana wazee wanaogopa. Naruhusiwa? Na hili la kushtaki mnalionaje?

Mtendaji Mchapakazi amejibu:

Hilo la ufunguo mliandike pia kwenye barua, tarehe na majibu waliyopewa, ni muhimu.

Kushtaki serikali ya kijiji siku hizi lazima mtoe notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi, ni safari ndefu na ina gharama, wakili mtamtafuta mjini. Ukianzia baraza la ardhi la kijiji, wale wajumbe 7 ambao wanawake hawapungui 3, kazi yao ni kusuluhisha tu na hapa mlalamikiwa ni kijiji chenyewe kwahiyo sioni watawafikisha wapi. Mkutano mkuu ndo mfupi na ndo wenye nguvu. Ardhi haijaenda kama mkutano haujakubali, na mkutano unaweza kuandika hivyo kwenye azimio.

Mjumbe Mstaafu amejibu:

Kuhusu wewe kwenda, utakaribishwa na unaweza kuomba kusalimia au kuongea kama mgeni, mwenyekiti akikubali utaongea, ila kura huna maana wewe ni mkazi wa mjini. Na nakushauri kitu kama mdogo wangu, usiwe wewe wa mbele. Kijijini akisimama mtu wa kutoka mjini na simu yake mkononi, jambo linageuka kuwa la kwake, watasema anataka uenyekiti 2029, maana hawa wa sasa tuliwachagua Novemba 27, 2024 na bado wana muda. Mwache mama aongee, na wafugaji wa vitongoji vyote viwili waongee, hao ndo ng'ombe wao wanakunywa pale lamboni na wao ndo watakaonyoosha mkono.

Likizo yako itumie kuwaandikia barua, uwasomee kwa sauti polepole mpaka waielewe, watie saini au dole gumba, majina yote na vitongoji vyao. Kisha pita idara ya ardhi wilayani uulizie hiyo ramani ya matumizi, hapo ndo mtu wa mjini anasaidia kweli kwa sababu wewe ofisi unazifikia. Ukiipata piga picha utuwekee hapa bila jina la kijiji tukusaidie kuisoma.