Tupeane uzoefu: hadithi fupi iliyokufungulia Kiingereza

Mzee wa Kopi (Mwanza)

Wakuu, salaam. Kila siku mtu anauliza "nitajuaje Kiingereza?" na majibu ni yale yale: sikiliza redio ya Wazungu, tafuta mtu wa kuongea naye, usiogope kukosea. Sawa. Mimi nataka twende upande mwingine. Kuna hadithi fupi uliyowahi kuing'ang'ania mpaka ikakufundisha lugha? Ipi, na ulijifunza nini hasa? Naanza mwenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne na F ya Kiingereza. Nikapata kibarua kwenye steshenari jirani na kituo cha tuisheni. Mwalimu mmoja wa pale kila msimu alikuja na karatasi zile zile nimtolee kopi 40: The Necklace, hadithi ya Mfaransa Guy de Maupassant ya mwaka 1884, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiingereza. Mashine yetu ilikuwa inatafuna karatasi, kwa hiyo kopi mbovu hazikosekani. Nikawa nazitia kwenye droo, wateja wakipungua nazisoma.

Kwa ambao hamjaisoma: Mathilde Loisel, mke wa karani, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake Madame Forestier aende nao kwenye sherehe ya wizara. Anaupoteza. Mume na mke wanakopa huku na huku, wananunua mwingine kwa faranga 36,000, wanaurudisha kimya kimya, kisha wanalipa deni miaka kumi. Mama wa watu anasugua masufuria mpaka uzuri wote unamtoka. Mwisho anakutana na Forestier, anamweleza, na yule anamwambia mkufu wake ulikuwa "paste", haukuzidi faranga 500.

Sasa mimi nauza vifaa vya ofisi. Kwangu "paste" ni gundi, iko rafu ya pili. Nikaelewa kwamba mkufu uliungwa kwa gundi, ndiyo maana ukaachia ukadondoka. Nikamlaumu mwandishi: watu wateseke miaka kumi, halafu unamalizia na gundi? Nilikaa na gundi yangu karibu mwezi. Siku moja nikamuuliza yule mwalimu. Alicheka mpaka akaketi kwenye boksi la karatasi, kisha akaniambia paste ya vito ni kioo kilichochongwa kifanane na almasi.

Nikarudi mwanzo nikaisoma kama mpelelezi. Kuna mahali, baada ya mkufu kupotea, wanamfuata sonara ambaye jina lake limo ndani ya kasha. Anafungua vitabu vyake anasema mkufu ule hakuuza yeye, aliuza kasha tu. Kopi zote zile nilipita hapo bila kusimama! Mwandishi alishanidokeza, mimi niko kwenye gundi. Shuleni nilikariri "foreshadowing" kwa maana yake neno kwa neno na sikuwahi kuiona kwa macho.

Cha pili ni "had". Nilichukua kalamu nyekundu nikaizungushia kila "had" inayotangulia kitenzi kingine. Ikaja yenyewe: hiyo ni "alikuwa ame-". "She lost it" ni aliupoteza, "she had lost it" ni alikuwa ameshaupoteza kabla ya hilo jambo lingine tunalosimulia. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani, nikapata C. Haya, nani anafuata?

Binti Likoni

Mie nilichekwa, wacha niseme. Tulitakiwa kusimulia hadithi mbele ya darasa, nikachagua The Gift of the Magi ya O. Henry, ya 1905. Mke na mume hawana kitu, Krismasi imefika. Della anauza nywele zake amnunulie Jim mkufu wa saa yake. Jim naye anauza saa yake amnunulie Della vitana vya nywele zake. Zawadi zote mbili zakosa kazi.

Haya, soma tena hiyo niliyoandika hapo juu. Zake, yake, yake, zake. Kwa Kiswahili hakuna aliyepotea. Mie kwa Kiingereza nikasema "Jim sold her watch to buy combs for his hair". Darasa zima likaangua kicheko, mmoja akauliza Jim alikuwa aenda saluni gani.

Nyumbani nikaandika hadithi upya kwa ukurasa mmoja, na juu ya kila "his" na "her" nikaweka herufi ndogo, J au D. Ndipo nikaona siri yenyewe: sisi tunatazama mali, nywele zake, saa yake, kitana chake. Wao wanatazama mwenye mali, mwanamume au mwanamke, na saa iwe moja au mia neno halibadiliki. Hadithi ile yafaa kuliko zoezi lolote la his na her, kwa sababu ukikosea tu, zawadi inaenda kwa asiye wake.

Halafu vile vitana mwandishi asema ni vya "tortoise shell". Wenzangu wote wakawaza kobe wa bara. Mtu wa pwani ajua: hayo ni magamba ya ng'amba, wa baharini. Marehemu bibi alikuwa na kitana cha aina hiyo, siku hizi kumvua ni marufuku.

Duka la Kona

Hapo kwenye Della pana hesabu inanisumbua. Ana dola 1 na senti 87, na tunaambiwa senti 60 kati ya hizo ni sarafu za senti moja moja. Inabaki 1.27. Hiyo utaipataje kwa sarafu za tano, kumi na ishirini na tano bila senti moja moja nyingine? Mimi nauza duka, haifungi.

Mzee wa Kopi

Mkuu, Marekani iliwahi kuwa na sarafu za senti 2 na senti 3. Ukiwa nazo inafunga. Ila nimependa, umeisoma kama mwenye duka.

Kivu Yetu (Kampala, natoka Bukavu)

Ndugu, hiyo gundi imenichekesha sana. Sisi kule Congo tuliisoma kwa Kifaransa, na mle Forestier anasema tu kwamba wake ulikuwa "fausse", wa uongo. Gundi haimo. Kwa hiyo nilipofika Uganda nikaitafuta ya Kiingereza kusudi, hadithi ninayoijua kichwani, nikaziweka mbili pembeni kwa pembeni. Ilinisaidia na ikanidanganya. Maneno yanafanana sura tu. Niliambia bosi kwamba nakwenda "library" kununua kalamu. Kwetu "librairie" ni duka la vitabu!

Sarufi Kwanza

Samahani, mimi napinga kidogo. Nilisoma hadithi nyingi sana na bado nikawa nasema "he go", "she want". Hadithi inakupa maneno na hamu, kosa linabaki pale pale kwa sababu macho yanaruka hiyo "s". Kilichonisaidia ni mazoezi makavu, yale ya kuchosha.

Ila nikiri, zoezi lililonitibu lilitumia hadithi. Hadithi nyingi husimuliwa kwa wakati uliopita. Chukua aya moja ya mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, iandike yote kwa wakati uliopo wa mazoea. "She went, she saw, she wanted" iwe "she goes, she sees, she wants". Aya ya mistari kumi inakutoa jasho, kila kitenzi kinadai "s" yake. Nilifanya aya moja kila usiku kwa miezi miwili. Bila kalamu mkononi, ni burudani tu.

Lindo la Usiku

Mimi ni mlinzi. Nilisikiliza The Tell-Tale Heart ya Edgar Allan Poe kwenye simu, spika moja sikioni, saa nane usiku, getini peke yangu. Ni ya 1843. Jamaa anaua mzee kwa sababu ya jicho lake, anamficha chini ya sakafu, halafu anasikia moyo unadunda. Kutwa anatuapia kwamba yeye si mwendawazimu. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuapa hivyo! Hapo nikajua kuna msimulizi wa kusikilizwa na msimulizi wa kuchungwa. Jenereta ya jirani ikaanza kudunda, nikazima simu.

Mwalimu wa Tanga

Nafundisha sekondari, miaka kadhaa sasa. Mwanafunzi ukimuuliza "irony" atakupa maana iliyonyooka, ukimwambia toa mfano anatazama dari. Siku hizi naanza na kinaya kwa Kiswahili, mifano ya mtaani kwao: fundi viatu anayetembea peku. Kisha ndiyo tunaingia kwa Della.

Kwa kauli taarifa natumia The Open Window ya Saki. Binti wa miaka 15 anampokea mgeni, anamdanganya kwamba miaka mitatu iliyopita mume wa shangazi yake na ndugu zake wawili walienda kuwinda wakazama kwenye tope, na dirisha limeachwa wazi wakingojewa. Wawindaji wanarudi kweli, mgeni anatimua mbio. Hadithi nzima ni fulani kasema kwamba fulani alifanya, kwa hiyo wanafunzi wanageuza kauli halisi kuwa taarifa bila kulalamika.

Lakini sentensi ya mwisho inasema utaalamu wa binti yule ni "romance". Kila mwaka, bila kukosa, kuna anayeinua mkono: "Mwalimu, kwa hiyo alimpenda mgeni?" Hapo maana yake ni kutunga mambo ya kubuni, uongo wa papo kwa papo. Mzee wa Kopi, gundi yako ina ndugu zake.

Binti Likoni

Swali langu la siku zote: Forestier alirudisha mkufu wa watu au la? 36,000 toa 500, pana chenji hapo.

Duka la Kona

Arudishe. 35,500, na miaka kumi ya jasho juu.

Sarufi Kwanza

Kosa ni la Mathilde. Angalisema ukweli siku ile ile, asingalilipa hata senti.

Mwalimu wa Tanga

Ngoja hapo hapo. Umeshatupa somo. Hiyo "-ngali-" ndiyo watu wanahangaika nayo kwa Kiingereza wakati wanayo mdomoni. Jambo limeshapita, haliwezi kurekebishwa. Kila mtu aandike sentensi hiyo kwa Kiingereza, aanze na "If".

Lindo la Usiku

If she would have told the truth, she would not have paid.

Mwalimu wa Tanga

Umekaribia. Upande wa "if" hauna "would". Hapo inakaa ile "had" ya Mzee wa Kopi.

Lindo la Usiku

If she had told the truth, she would not have paid.

Duka la Kona

If Madame Forestier had said it is glass, Mathilde would have slept.

Mzee wa Kopi

"It was glass", mkuu. Au "paste".