Bata wadogo wa kahawia mtoni Lubumbashi: wageni wa Ulaya au wa kwetu?

Kamalondo22
Habari zenu. Tangu mvua zianze, bata weusiweusi wenye madoa meupe mgongoni wanaonekana wawili wawili mtoni, penye mawe na maji yanayokimbia. Mbele kidogo, kwenye maji yaliyotuama penye nyasi, kuna wengine wadogo wa kahawia. Ni hao wanaokimbia baridi ya Ulaya? Na bata maji wa shingo ndefu, wanafika Katanga? Nina darubini ya 10×25.

Ndege_wa_Lufira
Ndugu, hao wa penye mawe ni wenyeji, kwa jina la kisayansi Anas sparsa. Hukaa dume na jike na kulinda kipande chao cha mto. Wachunguze wale wadogo.

Mgeni wa kutarajia ni Spatula querquedula. Wengi wao huishia Sahel, toka Senegal hadi Chad. Wachache hufika huku, Novemba hadi Machi. Usisubiri dume mwenye utepe mweupe juu ya jicho: baada ya kuzaliana huvaa manyoya kama ya jike na huchelewa sana kuyabadilisha, kwa hiyo Desemba wote ni kahawia tu. Soma uso: mstari mweusi unapita jichoni, mwingine hafifu shavuni, na kuna doa jeupe pale mdomo unapoanzia. Akiruka, bega la bawa la dume ni kijivu-buluu hata akiwa amevaa manyoya ya jike. Alama hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Mdomo ukiwa mwekundu, kofia nyeusi na shavu jeupe, ni Anas erythrorhyncha, wa kwetu. Mdomo wa buluu na kofia nyeusi: Spatula hottentota, wa kwetu pia.

Bata maji wa porini hawapo kusini mwa Sahara. Ukiona ndege mkubwa mweupe, angalia kwanza yangeyange, domomwiko au mwari.

MamaKatuba
Dada au kaka, hiyo 10×25 itakusumbua. Lenzi ya milimita 25 inaingiza mwanga mdogo alfajiri, na ukubwa wa mara 10 unakuza hata mtikisiko wa mkono. Ukipata 8×42, chukua. Fika saa 12 asubuhi, jua liwe mgongoni. Likiwa mbele yako, kila bata ni kivuli cheusi na rangi ya mdomo hupotea. Wakiacha kula na kunyoosha shingo, simama hapohapo, kwani hatua moja zaidi wanaruka.

Usielekeze darubini wala kamera kwenye daraja au kambi ya askari. Beba kitambulisho, umwone shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) kabla.

Kamalondo22
Aksanti sana. Wakiwa kundi kubwa mnahesabu vipi?

Ndege_wa_Lufira
Hesabu 10 mmoja mmoja, ushike ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha pima kundi zima kwa mafungu. Rudia toka upande wa pili. Majibu yakiachana sana, andika yote mawili. Waliozama kwenye nyasi hawaonekani, basi ngoja dakika chache kabla ya kufunga daftari. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika katikati ya Januari, na ukihesabu siku hizohizo namba zako zitalinganishwa na za kwingine. Ukiweza kufika Kapolowe, ziwa Tshangalele lina maji mafupi yenye majani mengi, na bata ni wengi kuliko mjini.